Mkono wa Subilaga

Jumatatu asubuhi, Subilaga alipoiwasha Mac yake mpya, ilimuuliza jina lake, kisha ikamuuliza nani atakuwa shahidi wake. Jina alilijaza bila kufikiri. Kwenye swali la pili aliuacha mshale unapepesa, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Alikuwa na haki ya kusitasita. Kwa mtu anayeunda tovuti, kuchagua kihariri, programu ya kuandikia msimbo, siku hizi ni jambo zito kuliko kuchagua mchumba, maana mchumba unaweza kumwacha baada ya mwezi, lakini kihariri ukishakiapia ni miaka saba. Kiapo chake cha kwanza kilikuwa kinaisha Ijumaa saa sita mchana. Mpaka saa hiyo awe ameamua: aendelee na Mwandani, kihariri alichokizoea, au auhamishe mkono wake kwingine.

Wazee wa kazi hii husimulia kwamba kabla ya Mwaka wa Kurasa za Uongo, kihariri kilikuwa dirisha la kuandikia msimbo na basi. Ukipenda rangi nyeusi unaweka nyeusi, ukikichoka unapakua kingine, hakuna anayekuuliza. Halafu mashine zikaanza kumwaga tovuti zenyewe: benki zisizokuwepo, vyuo visivyokuwepo, hata ofisi ya mkoa yenye picha ya mkuu wa mkoa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watu walipokwisha kulizwa vya kutosha, ikatungwa sheria. Ukurasa wowote unaohudumia umma uandikwe na mtu, na kihariri ndicho kitoe ushahidi. Tangu hapo kihariri huangalia jinsi unavyoandika: unaposita, unapokosea, unavyorudi kufuta, unaanza na nini na unaacha nini mwisho. Mkusanyiko wa hayo yote ndio unaoitwa mkono, na haujapata kuonekana mkono mmoja kwa watu wawili.

"Bado unachagua tu?" aliuliza Ipyana, jirani yake wa meza. Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu, Mwanjelwa, na baridi ya Juni ilikuwa imewafanya wote wanane waandike wakiwa na makoti. "Mimi nilichagua kwa dakika tano."

"Ndiyo maana unalia kila siku."

Ipyana alicheka. Yeye alikiapia Pazia, kihariri kinachokuonyesha ukurasa pembeni huku unaandika, kila neno na sura yake. Kizuri kwa macho, lakini Mac yake ilikuwa inapata moto hadi anaitumia kupasha viganja. Mwandani kilikuwa kinammalizia mtu sentensi: ukianza mstari, kinakuonyesha mwisho wake kwa rangi ya kijivu, nawe unaukubali au unaukataa. Cha tatu, cha mwisho kuruhusiwa kwenye Mac, kiliitwa Kalamu Tupu. Kinafunguka kabla hujapepesa, hakina kiongezi hata kimoja cha kumsaidia mwandishi, hakimalizii neno la mtu. Wengi walikiona cha watu wenye kiburi.

"Baki na Mwandani," alisema Dada Atu.

Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, kitenge mabegani. Atuganile, ambaye wote walimwita Dada Atu, ndiye aliyeianzisha karakana, ndiye aliyemtoa Subilaga kwenye kibanda cha kuchapisha barua za maombi ya kazi akamfundisha msimbo kuanzia alama ya kwanza. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini Subilaga hakuwa na dada mwingine. Mume wa Atuganile alikuwa akimwita shemeji, na mara mbili kwa mwezi Subilaga ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake kusafishwa damu, maana figo za shemeji huyo zilikuwa zimekwisha kabisa.

"Shikamoo, dada. Nilikuwa nafikiria kujaribu Kalamu Tupu."

"Marahaba. Unaenda kutafuta nini huko? Mwandani kinakujua. Ukihama utaanza upya, na mapendeleo yako yote utayaacha."

Kuhusu mapendeleo, hapo inafaa mgeni aelezwe. Kila kihariri kina faili la mapendeleo, mistari mia kadhaa ya amri ndogondogo: ukubwa wa herufi, vifupisho vya vibonye, nafasi za pembeni. Anayeanza kazi hawezi kuyatunga, hivyo mwalimu wake humpa ya kwake, kama hamira inayotoka jiko moja kwenda jingine. Kwenye karakana yao hukupewa kiti kabla hujapewa mapendeleo, na yote yalihifadhiwa kwenye ghala moja la pamoja. Ya Subilaga yalitoka kwa Dada Atu, mistari mia tisa na arobaini, jina la Subilaga likiwa limekwisha kuandikwa juu. Hakuyasoma hata siku moja. Hakuna aliyesoma ya kwake. Kusoma mapendeleo uliyopewa na mwalimu wako kulionekana utovu wa adabu, sawa na kunusa chakula ulichokaribishwa.

"Nitajaribu tu, dada," alisema Subilaga. "Ikinishinda nitarudi."

Dada Atu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi ofisini kwake. Subilaga akaandika *Kalamu Tupu*. Mac ikamjibu kwamba mkono wake sasa uko njiani: hadi atakapoapa mbele ya Msajili wa Mikono, anaweza kusoma kurasa zake zote lakini hawezi kuzigusa.

*

Kalamu Tupu hakikubali kubandikiwa. Kama unataka mapendeleo yako, unayaandika mwenyewe mstari kwa mstari, na kila mstari kinaushuhudia. Jumatano asubuhi Subilaga aliiweka Mac ya zamani kushoto na mpya kulia, akayafungua mapendeleo yake kwenye ghala, akaanza kunakili. Mstari wa mia mbili alikuwa anaimba. Mstari wa mia nne alikuwa anajilaani. Kufikia mia sita vidole vilikuwa vinafanya kazi peke yao, macho yanasoma kushoto, mikono inaandika kulia, akili iko kwenye viazi alivyoviacha jikoni.

Mstari wa mia sita na kumi na moja ulikuwa mfupi:

*mkono.mwenza = atuganile*

Aliuandika, akabonyeza, akaanza wa mia sita na kumi na mbili. Halafu akasimama.

Alifungua kitabu cha maelezo ya Mwandani, toleo la zamani, akatafuta neno hilo. *Mkono mwenza: mtu aliyetajwa anaweza kuandika kwa mkono wa mwenye faili. Pale mwendo wa mwenye faili utakapopungua, kihariri kitaujaza kutokana na kumbukumbu ya mkono wake.* Ilitengenezwa kwa watu waliovunjika mikono, ndugu waweze kuwaandikia. Sheria iliipiga marufuku muda si mrefu baada ya Subilaga kuapa, lakini hakuna aliyekumbuka kwenda kuing'oa kwenye mafaili yaliyokwisha kugawiwa.

Huenda ni takataka ya zamani tu, alijiambia. Dada Atu mwenyewe huenda amesahau. Hata hivyo alifungua daftari la Msajili kuangalia kurasa zilizo chini ya mkono wake. Alizijua zote kwa majina, arobaini kamili. Aliwahi kuzihesabu siku ya harusi ya Ipyana alipokuwa anajisifu. Daftari lilisema arobaini na moja.

Ya arobaini na moja iliitwa Zamu za Figo, Nyanda za Juu. Iliandikwa miezi kumi na minne nyuma, kwa siku nne mfululizo. Subilaga alizitazama zile tarehe mpaka zikaanza kucheza. Siku hizo nne alikuwa Tukuyu, anamzika mama yake. Dada Atu alikuja siku ya kwanza, akalia naye, akaondoka jioni ileile kwa sababu, alisema, kuna kazi haiwezi kungoja.

Aliufungua ukurasa kwa kuusoma. Karakana nzima humcheka Subilaga kwa tabia moja: huanza ukurasa kwa chini. Huandika kwanza mguu wake, zile haki na anwani za mwisho, ndipo apande juu. Ukurasa huu uliandikwa hivyohivyo, kuanzia chini. Anakosea neno "muda" kila mara anapochoka. Humu lilikosewa na kurekebishwa mara tatu. Na katikati, penye hesabu ngumu, palikuwa na ujumbe ambao huwa anajiachia mwenyewe na kompyuta huuruka bila kuusoma: *Subi, acha haraka.*

Hakuwahi kuuandika. Mama yake ndiye aliyekuwa akimwambia maneno hayo, na siku ile alikuwa anafukiwa udongo.

Kisha akasoma hesabu yenyewe, maana alitaka kujua wizi huo ulikuwa wa nini. Hospitali ilikuwa na mashine nne za kusafishia damu na wagonjwa thelathini na sita. Kila mgonjwa zamu mbili kwa wiki, na zamu zote zikajaa kabisa, hakuna hata moja ya ziada. Ndivyo ulivyosema ukurasa kwa kila anayeusoma. Lakini ndani ya msimbo kadi namba mia nne na kumi na saba ilipewa zamu tatu. Ya tatu ilikuwa kila Ijumaa saa nane mchana, na ilipatikana kwa kumruka mtu mwingine. Ukurasa ulimchagua yule ambaye hajawahi kupiga simu kulalamika, ukamtumia ujumbe: *Samahani, zamu yako ya leo imeahirishwa kwa sababu ya matengenezo ya mashine.*

Kadi namba mia nne na kumi na saba Subilaga aliijua. Amewahi kuishika mkononi mara nyingi, akimwonyesha mlinzi wa geti huku shemeji Ambokile anahangaika na mkanda wa kiti.

*

Dada Atu hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Subilaga zaidi pale mwanzo, jinsi asivyojisumbua hata kukana.

"Funga mlango," alisema.

Subilaga aliufunga. "Ulikuja msibani kwangu, dada. Ulinishika hivi mabegani. Halafu ukarudi huku ukakaa kwenye kiti changu."

"Kiti changu mimi. Nilikuwa hapahapa ofisini."

"Usinichezee na kiti!"

Walinyamaza kwa sababu huko nje vibonye vilikuwa vimeacha kulia. Vilipoanza tena, Dada Atu alisema kwa sauti ya chini, "Daktari aliniambia mbili hazimtoshi. Aliniambia usoni: Mama, huyu akipata mbili utakuwa naye hadi Krismasi. Akipata tatu utakuwa naye miaka. Ungefanya nini?"

"Mbili haziwatoshi wote thelathini na sita. Hao wengine wana wake zao."

"Wake zao siwajui."

"Na mimi je? Mimi hunijui?"

Dada Atu aliangalia vidole vyake. "Nakujua sana. Ndiyo maana sikukuomba. Ungekataa."

"Kwa hiyo ukaniibia kwa sababu ningekataa."

"Ukurasa ulihitaji mkono, mdogo wangu. Wangu nisingeweza kuutumia, kila mtu anajua mume wangu ni mgonjwa wa figo. Na ni mkono nilioutengeneza mimi. Kila unachojua kukiandika, nani alikufundisha?"

Subilaga aliwahi kuzisikia sentensi hizo huko nyuma na kuzipokea kama upendo. Sasa alizisikia kama mtu anayetaja mali yake, na hasira ilimpanda kiasi kwamba ilibidi akae. Alitaka kumtukana. Alitaka pia, na hili lilimtia aibu, dada yake amkumbatie na kumwambia kwamba kuna maelezo mengine.

"Yeye anajua?" aliuliza.

"Ambokile? Anasema Mungu anampenda. Nimemwacha aseme."

"Naenda kwa Msajili leo."

"Ukienda leo, utasema ukurasa si wako, na ukurasa usio na mwenyewe unazimwa papo hapo, na bila ukurasa hakuna anayepewa zamu. Unajua itachukua muda gani kuandikwa mwingine na kukaguliwa? Mwezi. Hao wake za watu unaowahurumia, utawaambia nini mwezi mzima?" Dada Atu aliinuka, akazunguka meza, akachuchumaa mbele yake. Macho yalikuwa yamelowa, na Subilaga angeapa yalikuwa machozi ya kweli. "Nipe hadi Ijumaa. Nitaongea na hospitali, tupange njia wasikose hata siku moja. Kisha nitakwenda mwenyewe kwa Msajili, kwa miguu yangu. Nisikilize mara moja tu. Nimekuomba kitu lini?"

Kweli hakuwahi kumwomba kitu. Subilaga akampa hadi Ijumaa.

*

Bwana Kyando wa Ofisi ya Msajili wa Mikono alifika Ijumaa saa tano na dakika ishirini, akaomba leso, akakumbuka anayo, akafuta kibodi ya Mac ya Subilaga kabla ya kuigusa. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Dada Atu alikuja akakaa kwenye kiti cha Ipyana, maana mwalimu ana haki ya kuhudhuria kiapo cha mwanafunzi wake.

Subilaga alimsogelea. "Umeongea na hospitali?"

"Kila kitu kimepangwa," alisema Dada Atu bila kumtazama.

Bwana Kyando alikohoa. "Kabla ya kiapo, Bi. Subilaga, kuna barua. Imeletwa ofisini jana. Bi. Atuganile anatuarifu kwamba ana wasiwasi na ukurasa mmoja ulio chini ya mkono wako, unaohusu zamu za figo. Anasema huenda ulimruhusu mtu mwingine auandike. Nimekuja na swali lake, na kwa heshima yake nimemwomba awepo."

Kwa sekunde chache Subilaga hakuelewa Kiswahili. Maneno aliyasikia moja moja. Alipogeuka, Dada Atu alikuwa amekaa wima, mikono imefumbatwa juu ya mkoba.

"Ni yeye," alisema Subilaga. "Bwana Kyando, ni yeye. Kuna mstari kwenye mapendeleo niliyopewa naye. Wa mia sita na kumi na moja. Ngoja nikuonyeshe."

Alifungua ghala la karakana. Mstari wa mia sita na kumi na moja ulisema herufi ziwe za kijivu iliyokoza. Alihesabu tena kwa kidole kwenye kioo. Faili lilikuwa limesafishwa, na tarehe ya kusafishwa nayo ilikuwa imesafishwa. Mwenye ghala ana uwezo huo.

"Ninao mwingine," alisema. "Nilinakili Jumatano." Akafungua Kalamu Tupu, na mstari ulikuwepo, *mkono.mwenza = atuganile*, na pembeni yake muhuri wa shahidi.

Bwana Kyando aliusoma kwa makini, miwani ikishuka puani. "Huu umeandikwa na mkono wako. Juzi."

"Nilikuwa nanakili."

"Nakusikia. Lakini Kalamu Tupu hakina kiongezi, hakimmalizii mtu. Kikisema umeandika wewe, umeandika wewe. Ninachokiona mimi ni kwamba juzi umejaribu kumwandika mwalimu wako mahali asipokuwa." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Sheria hainiruhusu kubahatisha. Inaniruhusu swali moja tu. Ukurasa huu ni wako au si wako? Ukisema si wako, nauzima sasa hivi, na uchunguzi unaanza na wewe. Ukisema ni wako, barua inafungwa, unaapa, mkono unahama, na ukurasa unaendelea kuwaka."

Ndipo Subilaga alipoiona barua yote ilivyopangwa. Dada Atu hakuiandika ili amfunge. Aliiandika kwa kuwa anajua jibu. Miaka tisa amekaa naye meza kwa meza, anajua anapoanzia na anapoishia, anajua kwamba Subilaga hatawazimia watu thelathini na sita mashine ili ajisafishe jina. Alimwanzishia sentensi, akamwachia mwisho wake kwa rangi ya kijivu aukubali. Atasema ndiyo, shemeji atabaki na Ijumaa zake, na siku ikija kugundulika, mwenye mkono ndiye atakayejibu.

"Mdogo wangu," alisema Dada Atu polepole, "sema tu ukweli."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita kasorobo. Subilaga alifikiria kusema hapana. Alifikiria kwa dhati, hata akafungua mdomo, na kilichomzuia ni yule mtu asiyelalamika. Leo alikuwa mwenye kadi mia tatu na themanini na nane. Asubuhi hii amekwisha kupokea ujumbe wake kuhusu matengenezo, na yuko mahali amekaa, miguu imevimba, anaamini mashine imeharibika. Ukurasa ukizimwa watakuwa thelathini na sita kama yeye.

"Ni wangu," alisema.

"Wote?"

"Kuanzia chini hadi juu."

Aliapa. Mac ikalia mlio mfupi, mkono ukahama. Dada Atu alishusha pumzi na kuanza kuinuka.

"Bado, dada. Kaa." Subilaga alikwisha kuufungua ukurasa ndani ya Kalamu Tupu, na safari hii ulikubali kuguswa. "Bwana Kyando, una kalamu? Andika. Mwenye ukurasa huu ameiba zamu moja kila wiki kwa miezi kumi na minne na kumpa mgonjwa wa kadi mia nne na kumi na saba. Aliowaibia aliwadanganya kwamba mashine ni mbovu. Mistari ni hii hapa, soma mwenyewe."

Bwana Kyando alisoma. Alisoma mara ya pili, akavua miwani. "Unaelewa unachoniambia? Umetoka kuapa kwamba wewe ndiye mwenyewe. Nikiandika haya, mkono wako unafungwa kuanzia saa sita. Miaka saba hutaandika hata salamu kwenye tovuti ya mtu."

"Na ukurasa?"

"Ukurasa umeapiwa. Unabaki."

"Basi andika."

Alikuwa na dakika kumi. Kabla ya kuzitumia alimgeukia Dada Atu. Akidai sasa kwamba mkono ulikuwa wa mwingine, kiapo kitavunjika na ukurasa utazimwa. Lakini Dada Atu alikuwa huru kusema. Sentensi moja kutoka kwake, na Bwana Kyando angeisikiliza, na Dada Atu angeuapia ukurasa yeye mwenyewe, ukabaki. Subilaga alimngoja. Miaka tisa ilikuwa imejaa kwenye kungoja huko, na chai zote, na msiba wa Tukuyu, na yale mabega aliyoshikwa.

Dada Atu aliinama, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Subilaga akarudi kwenye kioo. Alifuta mstari wa kadi mia nne na kumi na saba. Akafuta ule unaomtafuta asiyelalamika, na ujumbe wa matengenezo. Alipofika kwenye *Subi, acha haraka* aliufuta pia, akakosea, akarudia. Ukurasa ukajipanga upya, ukaandika kwamba mwenye kadi mia tatu na themanini na nane ana zamu leo saa nane mchana na afike mapema. Saa sita kamili vibonye vikafa chini ya vidole vyake.

Simu ya Dada Atu ikaanza kuita. Jina la Ambokile lilionekana kwenye kioo. Iliita hadi ikakata, ikaanza tena, na Dada Atu akaisukuma mezani hadi ikamfikia Subilaga.

"Mwambie wewe," alisema. "Si umetaka?"

Subilaga aliipokea. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, marahaba! Kumbe ni wewe, shemeji yangu." Alikuwa kwenye upepo, alikuwa amekwisha kutoka nyumbani, sauti yake ilikuwa na uchangamfu uleule wa kila Ijumaa. "Hebu niangalizieni huko, nyinyi ndio wataalamu. Zamu yangu ya leo imeondoka kwenye ukurasa. Mashine imeharibika, au kuna mtu kaiondoa?"

"Mashine ni nzima," alisema Subilaga. "Ni mimi, shemeji. Nimeiondoa mimi."